Stima ya Kiwanda Hupotelea Pasipo na Taa

Ukipita viwandani Mombasa, kuanzia Shimanzi na Changamwe hadi Miritini, utakuta kibandiko kilekile kando ya swichi: "Zima taa utokapo." Si agizo baya. Lakini mwezi ukiisha mhasibu anafungua bili na kukuta tarakimu hazijatikisika, meneja anawalaumu mafundi, mafundi wanailaumu Kenya Power, na kibandiko kinaendelea kufifia ukutani. Kiwanda chenye kompresa za kushindilia hewa, boila za mvuke au vyumba vya baridi hutumia sehemu ndogo sana ya stima yake kwenye taa. Ile inayopotea kwa wingi hupotelea pengine: kwenye mabomba ya hewa, kwenye mota zinazozunguka bila kazi, na kwenye mstari wa bili ambao wanaoulipa hawajawahi kuelezwa unapimwaje.

Basi tuanze na bili yenyewe, maana ushauri mwingi wa kubana matumizi huharibikia hapo.

Vipimo vitatu kwenye karatasi moja

Nyumbani unalipia uniti, yaani kilowati-saa, basi. Kiwanda kinachopokea stima kama mteja mkubwa wa biashara na viwanda hupimwa kwa njia tatu kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni hizo uniti, jumla ya stima iliyotumika mwezi mzima. Juu ya bei ya msingi ya uniti huja tozo ya mafuta ya kuzalishia umeme, marekebisho ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, mchango wa umeme wa vijijini, VAT na nyinginezo. Nyingi kati ya tozo hizo hupanda na kushuka na idadi ya uniti, kwa hiyo uniti moja ikiokolewa huondoka na wafuasi wake.

Ya pili ni kilele cha mzigo, kinachohesabiwa kwa kVA, yaani nguvu yote inayobebwa na nyaya. Mita huugawa mwezi katika vipindi vifupi, kwa kawaida vya nusu saa, ikapima wastani wa mzigo wa kila kipindi. Kipindi kilichokuwa kizito kuliko vyote ndicho kinachotozwa. Wiki nne za nidhamu hazifuti nusu saa moja ya vurugu.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu: pawa fakta. Mota, transfoma na mashine za kuchomelea huhitaji mkondo wa ziada wa kujenga usumaku ndani yake. Mkondo huo huenda na kurudi bila kusukuma wala kusaga chochote, lakini njiani unajaza nyaya na transfoma za msambazaji sawa na ule unaofanya kazi. Pawa fakta ni uwiano wa nguvu inayofanya kazi, ile ya kW, kwa nguvu yote inayobebwa, ile ya kVA. Chukua kiwanda chenye mzigo wa kW 400. Pawa fakta ikiwa 0.8, mita inaona kVA 500. Ikipandishwa hadi 0.95, mita inaona kVA 421, na kazi ni ileile. Ikishuka chini ya 0.9, kuna faini inayoongezwa kwenye bili.

Dawa yake ni kapasita, vifaa vinavyotoa ule mkondo wa usumaku papo hapo kiwandani, zinazofungwa kando ya mota au kwenye swichibodi kuu. Na hapa ndipo wauzaji wa visanduku vya "kuokoa stima" walipopata mlango. Muuzaji anakuja na kisanduku, anamwonyesha fundi ampea zikishuka kwenye mita ya mkononi, anaahidi bili itapungua kwa asilimia 30 au zaidi. Ampea zimeshuka kweli, hakudanganya. Ila kilichoshuka ni ule mkondo usiofanya kazi, nao hauhesabiwi kwenye uniti. Kapasita hupunguza kVA na kuondoa faini. Uniti zinaguswa kidogo mno, kwa kiasi kile tu kilichokuwa kikipotea kama joto kwenye nyaya za ndani. Nyumbani au dukani, ambako hakuna anayelipia kVA, kisanduku hicho ni pambo. Kiwandani kapasita zina faida ya kweli, lakini zipigiwe hesabu kwenye mstari wake wa bili, na zinunuliwe kwa bei ya kapasita, si kwa bei ya muujiza.

Joto letu la Pwani haliziachii kapasita uhai mrefu. Benki ya kapasita, yaani kundi lake zima, iliyowekwa miaka kadhaa iliyopita inaweza kuwa imekufa nusu huku taa yake ya kijani ikiwaka kama kawaida. Fundi mwenye klampu mita, ile inayobana waya na kusoma mkondo, apime ampea za kila fungu la kapasita. Kazi haizidi dakika chache, na mara nyingi ndiyo inayoeleza kwa nini faini iliyokuwa imesahaulika imerudi.

Kuna dhana nyingine iliyozeeka: kwamba mota ikiwashwa huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida yake, basi ni nafuu kuiacha izunguke wakati wa chakula kuliko kuizima. Mvuto huo upo, lakini ni wa sekunde chache, na mita inapima wastani. Mota ikivuta mara saba kwa sekunde tano, nyongeza yake kwenye wastani wa nusu saa haifiki asilimia 2 ya mzigo wa mota hiyo. Izimeni. Sababu ya haki ya kutoizima ni moja: mota kubwa zina kikomo cha kuwashwa mara ngapi kwa saa, kwa sababu koili zake hupata moto kila zinapoanza. Kikomo hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, na hakizuii mtu kuzima kwa saa nzima ya mapumziko.

Kinachopandisha kilele ni mashine kubwa kufanya kazi pamoja kwa muda. Na Mombasa kinachozikutanisha ni stima kukatika. Ikirudi, kila idara inawasha yake: vyumba vya baridi vilivyopata joto vinavuta vyote pamoja, kompresa inajaza matangi matupu, tanuri na hita za umeme zinafidia muda uliopotea. Nusu saa hiyo ya kwanza baada ya stima kurudi inaweza kuwa ndiyo iliyoandika gharama ya kVA ya mwezi mzima. Tiba haina bei: karatasi moja iliyobandikwa kwenye swichibodi, inayosema nani anawasha kwanza, nani anafuata, na baada ya dakika ngapi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko vibandiko vyote vya taa vilivyomo kiwandani, mradi msimamizi wa zamu ya usiku aijue.

Na usiku wenyewe una bei yake. Mwishoni mwa 2017 ulianzishwa mpango wa kuwapunguzia wateja wa viwanda bei ya msingi ya uniti kwa nusu, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi na saa nyingi za wikendi, kwa anayetimiza masharti ya kiwango cha matumizi. Mtengenezaji wa barafu anaweza kugandisha usiku. Ghala la chai linaweza kuchaji forklifti zake saa hizo. Ila tusijidanganye: kuhamisha uniti kutoka mchana hadi usiku kunashusha bili, hakupunguzi hata uniti moja. Ni biashara nzuri, lakini si kubana matumizi.

Mita ya Jumamosi

Ukitaka kujua kiwanda kinapoteza kiasi gani, usinunue kifaa chochote kwanza. Soma mita Jumamosi saa nane mchana kazi inapofungwa, kisha uisome tena Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kabla ya zamu kuanza. Hizo ni saa 40. Ikiwa zimekwenda uniti 1,000, maana yake kiwanda kilichofungwa kilikuwa kikivuta kW 25 mfululizo, na kwa wikendi za mwaka mzima ni uniti 52,000 bila kutoka hata katoni moja getini.

Sehemu ya mzigo huo ina haki yake. Chumba cha baridi chenye samaki hakizimwi, wala taa za ulinzi, wala kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu. Toa hizo, uulize zilizobaki. Mara nyingi utakuta kompresa iliyoachwa inajaza hewa ambayo hakuna anayeitumia, pampu inayozungusha maji ya kupozea mashine zilizokwisha kupoa, kiyoyozi cha ofisi ya mauzo kinachopuliza viti vitupu, na hita za matangi ya mafuta ya kupikia yasiyohitajika hadi Jumanne. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mtaji. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye jina, aliyekabidhiwa kuvizima.

Siku za kazi, jumla ya uniti peke yake haisemi mengi, kwa sababu uzalishaji hupanda na kushuka. Gawa uniti kwa tani, kwa magunia au kwa vipande vilivyotoka wiki hiyo. Kiwanda cha nguo kinachotumia uniti nyingi zaidi mwezi wa oda kubwa si lazima kiwe kimeharibika. Lakini uniti kwa kipande zikipanda wiki tatu mfululizo, kuna kitu kimelegea mahali, nacho hupatikana mapema kabla hakijawa cha kununua upya.

Hewa, au upepo kama mafundi wanavyouita

Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kukimbilia katika kiwanda nisichokijua, ningechagua hewa ya kompresa. Kati ya stima yote inayoingia kwenye kompresa, asilimia 10 hadi 15 hivi ndiyo inayotokea upande wa pili kama kazi. Iliyobaki inageuka joto. Hakuna nguvu ya bei ghali kuliko hii ndani ya kiwanda, na hakuna inayochezewa kama hii, kwa sababu hewa haina rangi, hailoweshi sakafu, na ikivuja haimwamshi mtu. Mafuta yakimwagika watu hukimbia na vitambaa.

Katika mifumo iliyotelekezwa, uvujaji wa asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote ni jambo la kawaida. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye shinikizo la ba 7 hula takriban kW 3 hadi 4 za kompresa. Kompresa ikizunguka mwaka mzima usiku na mchana, tundu hilo peke yake linameza zaidi ya uniti 26,000. Linganisha na kampeni ya taa: kubadilisha tyubu ya wati 36 kwa ya LED ya wati 18, inayowaka saa 12 kila siku, huokoa karibu uniti 79 kwa mwaka. Ingekubidi ubadilishe tyubu zaidi ya 300 ili kufikia faida ya kuziba tundu moja dogo.

Matundu hayo hayako katikati ya bomba. Yako kwenye viungo vya mipira, kwenye klipu zilizokazwa kwa waya, kwenye vifaa vya kurekebisha shinikizo, na hasa ndani ya mashine zilizokwisha kuachwa kutumika lakini bado zimeunganishwa na hewa. Mchana kelele huyaficha. Siku kiwanda kimenyamaza, washa kompresa peke yake, pita taratibu ukisikiliza, na mkononi uwe na ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya rangi. Panapotoa povu, funga utepe wenye rangi na uandike tarehe. Wiki ijayo utajua ni nani aliyekarabati na ni nani aliyepita akatazama.

Ili upate namba, fanya jaribio hili: mashine zote zikiwa zimezimwa na hewa ikiwa wazi kwenye mabomba, ipe kompresa nafasi ijaze mfumo na upime kwa saa. Hesabu dakika inazofanya kazi ya kujaza, na dakika inazopumzika kabla ya kujaza tena. Ikijaza kwa dakika 2 na kupumzika dakika 6, gawa 2 kwa 8: robo ya uwezo wa kompresa hiyo inavuja. Hakuna mashine inayotumia hewa wakati huo, kwa hiyo hakuna wa kusingiziwa.

Kinachofuata ni shinikizo. Kila ba moja unayopandisha hula karibu asilimia 7 zaidi ya stima. Na hupandishwa kwa urahisi mno: mashine ya mwisho kwenye laini inalalamika kwamba hewa haitoshi, mtu anakwenda kwenye kompresa na kupandisha kutoka ba 7 hadi 8. Hewa haikutosha kwa sababu bomba la kufika huko ni jembamba, au chujio limeziba, au inavuja njiani. Sasa shinikizo limepanda, uvujaji nao umepanda kwa sababu hewa inasukumwa kwa nguvu zaidi, na baada ya miezi michache mashine ileile inalalamika tena. Rudi nyuma hatua kwa hatua, nusu ba kwa nusu ba, hadi utakapoona ni mashine gani hasa inayoumia, kisha uitibu hiyo.

Kuna desturi ya kwetu Pwani inayostahili kutajwa peke yake. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, na kompresa ikiishindilia, unyevu huo hugeuka maji kwenye matangi na mabomba. Mhudumu wa kompresa, kwa nia njema kabisa, huchoka kumwaga maji kila saa, basi analegeza koki ya chini ya tangi kidogo na kuiacha hivyo. Maji yanatoka, na hewa inatoka nayo, mwaka mzima. Amejenga tundu kwa mkono wake na hakuna atakayeliziba kwa sababu linafanya kazi. Koki ya kuelea, inayofunguka maji yakifika kiwango na kujifunga hewa inapotaka kupita, hurudisha bei yake haraka. Ile ya saa inafaa pia, mradi muda wake ubadilishwe kufuata msimu, maana maji ya Mei si sawa na ya Februari.

Kompresa nayo yenyewe inapumua nini? Kila nyuzi 4 za joto zinazoongezeka kwenye hewa inayoingia huongeza matumizi kwa karibu asilimia 1. Wakati wa kaskazi, nje kuna nyuzi 32 au zaidi, na chumba cha kompresa kisicho na madirisha kinaweza kuzidi hapo kwa nyuzi 10 au 12. Bomba la bati linalovuta hewa kutoka upande wenye kivuli, na njia ya kutolea hewa moto nje, ni kazi ya siku moja ya fundi wa mabati.

Na tafadhali, wafanyakazi waache kujipulizia vumbi nguoni kwa hewa ya kompresa zamu inapoisha. Ni ghali, na ni hatari kwa macho, masikio na ngozi.

Boila na maji yetu

Stima si nishati pekee. Viwanda vya kusafisha mafuta ya kupikia, vya vinywaji na vya kufulia nguo huchoma mafuta mazito, kuni au mabaki ya mazao ili kupata mvuke, na huko nako pesa hupotea kimya.

Adui wa kwanza ni maji. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na maji yake huwa magumu, mengine yakiwa na chumvi. Yakichemshwa huacha ukoko kwenye mabomba ya boila, na ukoko wa milimita moja tu unatosha kuzuia joto lisifike kwenye maji, likaishia kwenye bomba la moshi. Hii ndiyo sababu kipimajoto cha moshi ni rafiki wa mwendesha boila: joto la moshi likipanda polepole mwezi hadi mwezi na mzigo ni uleule, ama kuna masizi upande wa moto ama kuna ukoko upande wa maji. Kwa kila nyuzi 22 hivi za moshi unazozirudisha chini, unaokoa takriban asilimia 1 ya kuni au mafuta.

Faida kubwa zaidi iko kwenye maji yanayorudi. Mvuke ukishafanya kazi hugeuka maji yenye joto la nyuzi 85 au 90, na viwandani si ajabu kuyakuta yanamwagwa mtaroni. Kila nyuzi 6 unazopandisha kwenye maji yanayoingia boilani huokoa karibu asilimia 1 ya kuni au mafuta. Ukichanganya nusu kwa nusu maji yaliyorudi ya nyuzi 85 na maji ya bomba ya nyuzi 28, unapata nyuzi 56 na kitu: akiba ya karibu asilimia 5, bila mashine mpya isipokuwa tangi, pampu ndogo na mabomba. Tena maji hayo hayana chokaa, yamekwisha kusafishwa na mvuke. Katika mji ambao mfereji unaweza kukauka siku kadhaa na kiwanda kikaagiza bowser, lori la maji, kuyamwaga ni kulipa mara tatu: maji, dawa ya maji na moto.

Trapu za mvuke zinatakiwa kutoa maji na kuzuia mvuke. Zikikwama wazi hupitisha mvuke mzima. Zikikwama zimefungwa, mashine hujaa maji na kupoa, na mtu atapandisha shinikizo kama yule wa hewa. Zikaguliwe kwa ratiba, angalau mara moja kwa mwaka. Mabomba nayo yafunikwe, na zaidi ya mabomba, valvu na maungio. Fundi akifungua valvu kuikarabati, kifuniko chake cha kuzuia joto huwekwa kando, kikalowa, kikatupwa. Bomba la mvuke lililo wazi hupoteza mamia ya wati za joto kwa kila mita, katika chumba ambacho feni zimewekwa kukipoza.

Vyumba vya baridi vya samaki na nyama vina kanuni fupi. Usiviweke baridi kuliko bidhaa inavyohitaji, kwa kuwa kila nyuzi moja ya ziada hula asilimia 2 hadi 3. Osha mapezi ya kondensa, sehemu inayotoa joto nje, kwa maji baridi mara kwa mara, maana chumvi ya bahari na vumbi huyafunika na kuyala. Pazia la plastiki mlangoni libaki mahali pake hata wapakiaji wakilichukia: hewa yetu yenye unyevu ikiingia hugeuka barafu juu ya koili, na barafu hiyo utailipia mara mbili, kuitengeneza na kuiyeyusha.

Kwa feni na pampu za maji yanayozungushwa, kumbuka hesabu moja. Nguvu inayohitajika hufuata mchemraba wa kasi. Feni ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, inahitaji karibu asilimia 51 ya nguvu. Kwa hiyo kuendesha feni kwa kasi yote kisha kuziba njia ya hewa kwa kilango ni gharama isiyo na maana. Kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, au hata puli ya kipenyo kingine, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Na taa? Mabati machache yanayopenyeza mwanga juu ya paa, LED mahali pa tyubu za zamani, na swichi zilizogawanywa ili kona moja isiwashe ukumbi mzima. Yafanyeni, kisha mrudi kwenye kompresa.

Mkaguzi kwanza, paneli baadaye

Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 ziliweka wajibu kwa kila kituo kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi, kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyoainishwa. Leo msimamizi wake ni EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta iliyochukua nafasi ya tume ya ERC kwa Sheria ya Nishati ya 2019. Chama cha wenye viwanda, KAM, nacho kimekuwa na kituo kinachofanya ukaguzi huo. Ripoti nyingi hufungiwa kabatini baada ya cheti kupatikana. Ukiikuta ya kiwanda chako, isome kuanzia jedwali la hatua zisizo na gharama. Huwa liko kurasa za nyuma.

Ukaguzi huo una umuhimu zaidi sasa, kwa kuwa paa nyingi za viwanda zinavishwa paneli za sola. Jua la Mombasa linafaa. Lakini paneli zikipimwa kwa mzigo wenye robo ya hewa inayovuja, umenunua sehemu ya paneli za kulisha matundu. Na kuna jambo ambalo mwenye kiwanda huligundua bili ya kwanza ikifika: pawa fakta yake imeanguka, ingawa hakuna mota iliyoongezwa. Paneli hutoa kW, na kwa mpangilio wa kawaida hazitoi ule mkondo wa usumaku. Kiwanda cha kW 400 chenye pawa fakta ya 0.9 kikipata kW 250 kutoka juani, huchukua kW 150 tu kwa Kenya Power, lakini mkondo wote wa usumaku bado unatoka huko. Pawa fakta inayoonekana kwenye mita inashuka hadi karibu 0.61, na faini inakula sehemu ya faida ya jua. Inveta, vifaa vinavyogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika kiwandani, nyingi za kisasa zinaweza kupangwa zitoe na mkondo huo, au benki ya kapasita ipanuliwe. Mkandarasi aulizwe hilo kabla ya sahihi, na jibu lake liandikwe ndani ya mkataba.